Mjusi Wangu Katika Kapu la Ma Koleta

Nilikwenda Izigo kusema ukweli niliokuwa nimeukalia siku tatu. Mhandisi mmoja mgeni niliyemfungia umeme hapa Bukoba aliniachia iguana alipoondoka. Ni mjusi wa Amerika, wa kijani, mrefu kama mkono wangu, anakula majani na hana sumu. Nilimfuga bila kibali. Jumatano akatoroka dirishani.

Alhamisi jioni picha yake ikanifikia kwenye simu. Alikuwa amepondwa kichwa katikati ya gulio la Izigo, na chini yake pameandikwa, "Nyoka mwenye miguu wa Ma Koleta." Kidole kimoja cha mbele hakikuwapo, kile nilichombania mlangoni mwaka jana. Ma Koleta namfahamu. Ni mjane anayeleta ndizi mtaani kwetu kila Jumatano, kisha anarudi na makapu matupu kwa pikapu inayoegeshwa nyuma ya nyumba yangu. Mjusi aliingia kapuni, akatokea gulioni mbele ya watu. Yote hayo niliyaelewa palepale, nikazima simu nikalala. Niliwaogopa maofisa wa wanyamapori, basi.

Jumamosi dereva wa pikapu akaniambia kwamba mama yule amepigwa mawe, eti ni mchawi.

Jumapili, saa moja asubuhi, niliwasha pikipiki. Kemondo mvua ikanikamata, nikajibanza kwenye kibanda cha chai. Wanaume wawili walikuwa wakisimulia mjusi wangu, na kufikia hapo alishakuwa na ukubwa wa ndama na alilia kama mtoto. Nilikuwa na picha zake tele simuni. Nikanywa chai yangu nikaondoka bila kusema neno. Mpaka leo najichukia kwa kile kikombe cha chai.

Izigo nilifika misa ikiwa inamalizika kigangoni. Nilimtafuta mwenyekiti wa kitongoji, nikamweleza, nikamwonyesha picha yangu na mjusi akiwa begani. Akaipitisha kwa watu. Wengine waliguna, mmoja akacheka.

"Sasa wewe fundi, ulikuwa wapi tangu Alhamisi?" mwenyekiti aliniuliza.

"Niliogopa."

"Haya. Twende ukamwambie mwenyewe."

Tulikwenda watu saba. Ma Koleta alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa kichwani, damu imekaukia pembeni. Nilipiga magoti nikamwambia yule mnyama ni wangu, anisamehe.

"Kumbe alikuwa na mwenyewe," alisema. "Karibuni ndani, waitu, jamaa zangu. Nisiwasimamishe nje kama wadai."

Akaleta kijikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna, ambayo kwa Wahaya mgeni hupewa kabla ya mazungumzo. Nilichukua punje tatu nikatafuna. Kijikapu kikaenda kwa mwenyekiti.

"Meno yananisumbua, waitu," alisema, akakisogeza.

Jirani mmoja alisema ametoka kunywa chai. Mwingine alikipitisha tu kwa ncha za vidole. Watu hawa walikuwa wameiona picha, na hakuna aliyenibishia. Lakini chakula cha mkononi mwa mtu anayesemwa mchawi ni jambo jingine kabisa, nami ndipo nilipolielewa. Mwisho kikafika kwa Deo, mwana wa pekee wa mwenyeji wetu, mtu mzima mwenye ndevu. Ma Koleta aliinua uso kumtazama.

Deo alikishika kijikapu. Akakitazama ndani. Kisha akakiweka sakafuni, akatoka nje.

Mama akakifunika. Hakulia. Nilitamani alie, au anitukane.

"Ungekuja Alhamisi, mwanangu," alisema, "wangenicheka tu."

Saa nane nilianza kurudi. Njia nzima nilikuwa na uchungu wa kahawa mdomoni na aibu ambayo sikujua niipeleke wapi. Kesho yake nilijipeleka mwenyewe kwa maofisa. Walinionya, wakaandika jina langu, wakaniambia niende. Mambo yenyewe yalichukua dakika chache. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiogopa wakati mama wa watu anapigwa mawe. Nimejifunza kwamba ukweli unaweza kufika ukiwa mzima na usimfae kitu yule aliyeuhitaji.

Sasa kila Jumapili nakwenda Izigo. Ma Koleta hunikaribisha, huleta kijikapu, nasi hutafuna. Hakijawahi kupita katika mkono wa tatu.