Kuni za Nyambura

Siku ya itega kwa jirani yangu Nyambura naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kama ningeisahau mimi, mgongo wangu haungesahau. Itega, kwa wewe uliyezaliwa hospitalini ukaletwa nyumbani kwa gari, ni ile desturi yetu ya wanawake kumpelekea mzazi kuni, maji na uji, tukienda kwa foleni huku tukiimba, ili asihangaike nje na mtoto mchanga. Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya wakati huo, na kila mtu Nyeri alisema tujenge nchi pamoja. Pamoja, lakini si na mimi.

Nilizaliwa Kianyaga, nikaitwa Wanjira. Nilipoolewa na Yusufu, dereva wa lori wa hapa mtaani Skuta, nilisilimu nikawa Zainabu, na ndugu zangu wakaacha kunijua. Shuleni nilifika darasa la pili tu, kwa hivyo sitakupambia maneno.

Nilikata kuni za mti wa muwati, nikazikausha vizuri, nikafunga mzigo na kuubeba kwa ukanda wa kichwani kama wenzangu. Langoni kwa Nyambura alisimama Wangechi wa Githaiga, kiongozi wa kikundi. Namtaja kwa sababu yuko hai na anajua alichofanya. Aliwapitisha wengine mmoja mmoja, alipofika kwangu akaweka mkono mbele.

"Wewe mama wa buibui, hiyo kuni yako peleka msikitini," akasema. "Huyu mtoto ni wa kanisa. Ama ati umeficha hirizi ndani ya mzigo?"

Wakacheka. Rahabu wa Ngatia, ambaye mimi ndiye niliyemshika mkono alipojifungua kitinda mimba wake, alicheka kuliko wote. Wangechi akafungua kamba yangu, kuni zikamwagika kwenye matope, nao wakaingia wakiimba.

Nilirudi nyumbani nikiapa kwamba mimi na watu hao basi. Mama mkwe wangu, Mama Hadija, Mungu amrehemu, alikuwa anamenya viazi. Nilitaka anionee huruma. Yeye akaendelea kumenya, akaniuliza kuni nilikuwa nampelekea nani. Nikamjibu, mzazi.

"Basi Wangechi amekunyang'anya nini?" akasema. "Kama ulinuia Mwenyezi Mungu, huyo hakuwa kwa hiyo safari. Na sikiliza, binti yangu. Leo wanaimba, kuni ni nyingi. Enda siku ambayo hakuna nyimbo."

Nilinuna. Hata chai yake ya jioni niliitia sukari kidogo makusudi.

Lakini baridi ya Julai ilipokaza, ukungu ukishuka kutoka mlimani usiondoke mpaka mchana, niliona jikoni kwa Nyambura hakutoki moshi. Kuni za itega zilikuwa zimekwisha, mumewe yuko mbali kwenye kazi ya kahawa, na yeye alikuwa bado hajapona vizuri. Mtoto alikuwa anakohoa, mtu alimsikia hadi barabarani. Wa kuimba hakuwepo hata mmoja.

Nikaswali alfajiri, nikabeba mzigo. Nyambura alichungulia, akaniambia Wangechi akisikia itakuwa maneno, na kwamba hakuna aliyenituma, akafunga mlango. Nikauacha mzigo upenuni. Kesho yake niliukuta palepale, haujaguswa, na kikohozi ndani kimezidi. Nikaweka mwingine juu yake. Njiani Wangechi aliniuliza mbele ya watu kama ni Waarabu wanaonilipa. Nilipita tu, lakini nilipofika nyumbani nililia.

Siku iliyofuata kuni hazikuwepo upenuni. Moshi ulikuwa unatoka. Hakuna aliyenisalimu, hakuna aliyefungua mlango, mimi nikatua mzigo nikaondoka. Tukaenda hivyo, siku baada ya siku, kama watu wasiojuana.

Halafu asubuhi moja Yusufu alikuwa na safari, nikachelewa. Nilimkuta Nyambura amesimama mlangoni, mtoto kifuani, amekunja uso.

"Zainabu, leo umechelewa sana," akasema. "Huyu karibu agande. Hebu mshike niwashe moto."

Akaniwekea mtoto mikononi. Mwanangu, asante nimepewa nyingi tangu hapo, lakini hakuna iliyoniingia kama kulalamikiwa kule. Mgeni akichelewa, nani hujali?

Wangechi hajaniomba msamaha, na sitakudanganya kwamba roho yangu imetulia. Kuna asubuhi namsamehe, ikifika jioni nimemkasirikia tena. Lakini wewe, ukitaka kutumikia watu wakakuangalia kofia yako au mtandio wako kwanza, usisimame langoni kubishana. Nia yako iwe kwa Mungu, halafu uliza ni nani anayesikia baridi. Enda wengine wakishaondoka, na wakikufungia mlango, rudi kesho. Usingoje kupendwa ndiyo uanze.

Mwenyezi Mungu akulinde, akutie subira mahali mimi nilitia hasira, na akujalie nyumba nyingi ambazo ukichelewa utagombezwa. Amin.