Pumzi Mbili Nyuma ya Pazia

Watu wa Kamina walisema sitamaliza hata mwaka wa kwanza wa chuo kule Lubumbashi. Nimerudi Kamina na diploma ya sheria ya kazi, na leo nina depo ya mahindi yenye wafanyakazi kumi na mmoja.

Ili waone usawa ni nini, nilimwita inspekta wa kazi ashuhudie nikichagua karani bila kumwona. Waombaji wangenong'ona nyuma ya pazia, nisijue kabila wala jinsia.

Wa tatu alijua bati linalovuja. Alijua magunia yanayoliwa na panya. Alijua hata kwamba wengine wakitoka, mimi hubaki nikikihutubia kioo. Tena nilikuwa nimesikia hatua za mtu mmoja tu akiingia, lakini sasa nilisikia pumzi mbili. Nywele zilinisimama.

"Namchagua huyo!" nikapaza sauti, nisionekane mwoga. "Sheria haibagui. Toka, ndugu yangu!"

Akatoka Mama Ngoie, karani niliyemfukuza tumbo lake lilipoanza kuonekana. Mtoto alikuwa amelala mgongoni.

"Patron, njo miye," akasema, akijitambulisha. "Ule ulifukuza juu ya mimba."

Inspekta alifungua daftari, akaniuliza taratibu, "Patron, jina lako kamili?"