Mguu wa Albano, Kipande cha Romani

Shangazi yangu Mauwa alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na wasiomjua walimdharau. Makosa yao.

Alikaa Temeke na mumewe Albano, mchukuzi wa mizigo bandarini. Muda mfupi baada ya vita vya pili vya dunia ilitoka sheria mpya: mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri ndiye wa kulipia matibabu yake. Kabla ya hapo ukivunjika, wenzio walikubeba hadi nyumbani, wakakupa pole, basi. Wachukuzi waliifurahia mno sheria ile. Hakuna aliyefikiri kwamba itagongana na desturi yao wenyewe.

Bandarini huingii bila kipande, yaani kadi yenye jina lako, na ndugu waliotoka kusini waliazimana vipande. Leo anaingia huyu, kesho yule, ili nyumba zote mbili zipate kula. Nyapara alijua akanyamaza, maana alichotaka ni migongo tu. Siku robota la katani lilipomwangukia Albano na kumvunja mguu, mfukoni alikuwa na kipande cha binamu yake Romani.

Karani wa kampuni akafungua daftari la ajali, akatabasamu. Aliyevunjika ni Romani, alisema. Huyo Albano siku hiyo hakuwa kazini, kampuni haimjui. Mguu ukazidi kuvimba. Daktari alionya kwamba usipopasuliwa wiki ile utakatwa, na hospitali ilitaka barua ya kampuni ya kukubali kulipa.

Mimi ningemtukana yule karani, na hadi leo natamani ningepata nafasi. Shangazi hakutukana. Alikwenda kwa Romani akamwomba waende wote kwa Bwana Kazi, afisa wa serikali aliyesimamia sheria ile. Romani alijua kwamba akijitokeza atanyang'anywa kipande, na kipande ndicho kilicholisha wanawe. Hata hivyo akavaa kanzu yake, wakaenda.

Karani aliitwa na daftari lake. Afisa akamtaka asome, naye akasoma: Romani, mguu wa kushoto. Shangazi akamgeukia binamu ya mumewe.

"Shemeji, hebu tembea."

Romani akatembea toka ukutani hadi dirishani, akarudi akirukaruka kwa mguu wa kushoto. Wachukuzi waliojaa barazani wakaangua kicheko.

"Bwana," shangazi akasema, "kitabu chao wenyewe kinasema mguu ulivunjika kazini kwao. Huyu miguu yake mizima. Uliovunjika ni wa nani? Sheria yenu inatibu mguu, au inatibu kipande?"

Nyapara naye aliitwa, na alipoulizwa akasema kweli: aliyeangukiwa na robota ni Albano. Barua iliandikwa siku ileile.

Romani alinyang'anywa kipande kama alivyojua, na kwa miezi minne vitumbua vya shangazi vililisha nyumba zote mbili. Shangazi hakunung'unika hata siku moja. Albano alipotoka hospitali, mwendo wake ulikuwa wa kuchechemea kidogo, lakini mguu ulikuwa wake. Njia ya Temeke haikupita kwenye ofisi za kampuni. Shangazi alizunguka makusudi, mume mkono huu na Romani mkono ule, mpaka chini ya dirisha la yule karani. Nilikuwapo, nilimsikia, na moyo wangu ulijaa furaha.

"Fungua daftari lako, bwana," alisema kwa sauti yake ya chini. "Andika: Albano, miguu miwili."