Kabati Lililokuja na Mikono Yake

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Watu walimletea nguo asubuhi, jioni wakazichukua zimenyooka. Kwa kazi hiyo alilea mabinti wawili tangu mumewe afariki, mpaka mkubwa akaolewa na mdogo akaajiriwa kwenye duka la simu. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Kila mtu ana mkunjo wake, alikuwa akisema, kama alivyo na mwandiko wake. Ukimpa shati lililokunjwa, angekwambia limekunjwa na mwanamume mwenye haraka au mwanamke aliyekasirika.

Shida yake ilikuwa mahali pa kuweka nguo zilizo tayari. Alizirundika kwenye viti vya sebuleni, na mgeni akija ilibidi aombe radhi magauni ya watu kwanza ndipo akae. Binti mdogo alichoka. Akasema wanunue kabati la sebuleni, lile fupi na pana la kuegemea ukuta, wawe kama watu wengine.

Jumamosi wakatoka. Binti alikuwa ameshachagua kichwani: kabati jeupe lililosimama kwenye kioo cha duka kubwa la samani, lenye miguu myembamba ya chuma na droo zinazojifunga taratibu ukizigusa tu. Mama Pasi akapitisha kiganja juu yake, akakubali kuwa ni zuri, ila mbao zake ni za kubandika. Zikinywa maji zitavimba kama mkate uliolowa. Binti akauliza ni nani anayeogesha kabati. Wakacheka, wakatoka mikono mitupu.

Njiani wakapita kwa muuza samani kuukuu waliyemwita Vumbi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila vumbi kwenye nyusi. Huko nyuma kabisa, mahali jua lisipofika, lilikuwepo kabati la mbao nyekundu ngumu, lenye urefu wa mtu aliyelala. Lilikuwa na milango miwili, droo tatu, na vishikio vya shaba vilivyolika kwa kushikwa. Mama Pasi akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo muda mrefu. Mbao ilikuwa na uvuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Vumbi akaeleza kuwa limetoka kwa dereva wa basi la shule, ambaye mkewe alitaka vitu vya kisasa. Ya kale ni dhahabu, akasema. Binti akamjibu kuwa dhahabu haina matundu ya mchwa. Lakini mama yake alikuwa ameshaamua, na binti alimjua; akiamua kaamua.

Siku za kwanza kabati lilikuwa kabati tu. Kisha mchana mmoja Mama Pasi alipanga mashati ya mteja kwenye droo ya kati, akaenda dukani kununua wanga wa kukazia nguo. Aliporudi na kuivuta ile droo, mashati yalikuwa yamekunjwa upya. Yeye alikunja mara nne. Haya yalikunjwa mara tatu, kola zikiangalia ndani, mkono wa kushoto umelazwa juu ya wa kulia, kifuani, kama anavyolazwa maiti. Alidhani binti amerudi mapema kumtania. Binti alikuwa kazini.

Hakumwambia mtu. Akajaribu: akaliweka shati moja limekunjamana, akafunga droo, akakaa kwenye kigoda mbele ya kabati, macho wazi. Nje watu walipita wakizungumza, siku ya kawaida kabisa. Ndani ya droo akasikia nguo ikikung'utwa mara moja, kama inavyokung'utwa kabla ya kukunjwa. Alipoifungua, mikono ya shati ilikuwa imeshapishana kifuani. Nywele zilimsisimka mpaka kisogoni. Kilichomtisha zaidi ni kwamba mkunjo ule ulikuwa mzuri kuliko wake.

Binti aliligundua jambo hilo siku alipokuta blauzi yake mwenyewe imelazwa hivyo. Akataka kabati litolewe nje na lichomwe moto. Mama Pasi akasema kitu usichokijua hukichomi. Kesho yake akaenda kwa Vumbi, akaulizia nyumba ya yule dereva.

Dereva alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Sebuleni kwake lilisimama kabati jeupe, ndugu pacha wa lile la dukani. Mama Pasi aliuliza jambo moja tu: kabati la zamani lilikuwa la nani. Mume na mke wakatazamana. Kisha dereva akainuka, akamwomba amfuate chumba cha nyuma.

Kitandani alilala dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Maisha yake yote alikuwa mkunja mashuka hospitalini, na kabati lile alilinunua kwa jasho lake. Kisha kiharusi kikamlaza, akawa hawezi kuinua hata kijiko. Lakini tangu kabati liondoke, dereva alisema, kila mchana usingizi humchukua, na mikono huanza.

Wakasimama wakitazama. Ile mikono iliyokufa ikainuka juu ya blanketi. Ikashika kitu kisichokuwepo, ikakikung'uta mara moja, ikakikunja mara tatu. Kushoto juu ya kulia. Kiganja kikapita juu kukilaza. Dereva alisema daktari amewaambia ni mishipa tu. Aliyasema huku ameangalia sakafu.

Mgonjwa akafumbua macho. Hakumtazama mdogo wake, alimtazama mgeni. "Ile blauzi ya kijani," akasema taratibu, "kitufe chake kimelegea. Kishone kabla mwenyewe hajaja."

Mama Pasi alikuwa amepokea blauzi ya kijani asubuhi ile ile. Hakuwa amekagua vitufe.

Akawasimulia yote, pale pale, akiwa amesimama. Alidhani watamcheka. Mke wa dereva, aliyekuwa mlangoni muda wote, ndiye aliyesema kwanza.

"Mama, lirudi," alisema. "Mimi ndiye niliyetaka liondoke. Nilikuwa naliona kama lina macho. Kumbe wifi yangu nimemtoa mikono."

Wakabadilishana. Kabati jekundu liliwekwa karibu na kitanda, jeupe likaenda kwa Mama Pasi, na binti akasherehekea kwamba sala za wengine hujibiwa kwa kuzunguka. Mikono ya mgonjwa ikatulia, na kwa Mama Pasi nguo zikakaa kama alivyoziweka. Akazoea kwenda kumnyooshea mgonjwa mashuka kila wiki. Akamwita dada, naye, siku ulimi unapokubali, alimwita mdogo wangu.

Mchana mmoja alikuwa amekaa hapo na mke wa dereva wakipiga soga, mgonjwa amelala. Ghafla mkono mmoja ukainuka. Safari hii haukukunja kitu. Ulipapasa hewani, ukashika, kisha ukajirudisha kwa nguvu kama ulioungua.

"Mdogo wangu," mgonjwa alisema. "Pasi."

Mama Pasi akamtuliza kuwa pasi ameizima. Mgonjwa akalirudia neno lile lile. Hapo Mama Pasi akakumbuka kwamba umeme ulikatika asubuhi katikati ya kazi, akatoka bila kuchomoa waya.

Alikimbia jinsi ambavyo hakuwa amekimbia tangu usichana. Alipofungua mlango harufu ya kitambaa kilichoungua ilimpokea. Mezani palikuwa na shati lenye alama ya kahawia kifuani, limeanza kutoboka. Pasi haikuwa juu yake. Ilisimama sakafuni kwenye saruji, bado ya moto, waya umechomolewa na kuzungushwa vizuri. Droo ya kabati jeupe ilikuwa wazi, ile inayojifunga yenyewe.

Akaketi chini karibu na pasi mpaka ilipopoa.

Aliporudi kwa dereva, alimkuta mkewe anapuliza kiganja cha mgonjwa. Katikati yake palikuwa na lengelenge jipya. Walikuwa wawili tu chumbani, mke wa dereva aliapa, na hakuna moto uliomkaribia. Mama Pasi akachukua dawa ya kuungua, akampaka polepole, akamfunga kitambaa.

"Ahsante, dada," alisema.

"Kabati halikuwa na kosa," mgonjwa alisema, akafumba macho.

Binti aliposimuliwa alitaka wahame. Mama Pasi alikataa. Alisema aliyezuia moto hakimbiwi. Lakini tangu siku hiyo, hata akiwa na uhakika kwamba ndani hakuna mtu, hubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, na husubiri kidogo kabla ya kuingia.