Kunde za Nguruwe wa Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini Texas, meneja wa shamba huko Cedar Hill alinikabidhi uma wa kubebea nyasi, akanionyesha nguruwe weusi, wafupi, wenye matumbo yaliyokaribia kugusa ardhi. Nyumbani Kenya nilikuwa afisa mifugo, mtu wa ng'ombe, na moyoni nilijiona nimeshushwa cheo. Meneja alisema hao ndio nguruwe wa kienyeji wa wakulima wadogo wa kule, waliopendwa kwa sababu hawachagui chakula. Nilimwamini nusu.

Shirika lililoniajiri, lenye shamba lile, liliwasaidia wakulima wadogo kulisha nguruwe hao kwa mimea ya jamii ya kunde, ambayo majani yake yana protini nyingi: kunde zenyewe, karanga, lusini. Tuliyakata yangali machanga, tukayaanika kidogo yanyauke, kisha tukayachanganya na mahindi na pumba. Msimamizi wetu alikuwa daktari wa mifugo, Mkenya mwenzangu, mdogo kwangu kwa umri lakini mkali. Aliniona nikirundika majani kama kwa ng'ombe.

"Mzee, nguruwe ako na tumbo moja tu," aliniambia. "Ukimjaza mashina magumu, atashiba na bado akonde."

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilihamishiwa upande wa Houston. Huko nilikutana na Mama Furaha, mjane kutoka mashariki mwa Kongo. Aliishi mtaa wa Gulfton, akifanya kazi ya ghala iliyokuwa ikimvunja mgongo, na alikodi kipande cha ardhi nje ya jiji, mbele ya mji wa Sugar Land. Alikuwa na nguruwe jike mmoja, mwenye mimba. Tumaini lake lote la kutoka ghalani lilikuwa ndani ya tumbo lile. Tulimpandia kunde, na kwa joto la kule zikafunika ardhi upesi.

Lakini nguruwe alizidi kukonda. Nilikagua mchanganyiko wa chakula, nikatafuta minyoo, sikupata kitu. Jumamosi moja nilipita bila kumwarifu, nikakuta magari kando ya shamba. Kina mama wa kwaya ya kanisani kwake walikuwa wakichuma majani machanga huku wakicheka, mifuko imefura. Nani angewalaumu? Walikuwa na hamu ya mboga ya kwao. Nguruwe alikuwa akiachiwa mashina.

Mama Furaha aliinamisha kichwa. "Papa, ni bandugu ba kanisa. Nitabakatalia aje?"

Nilimpigia daktari simu, naye akasema hiyo si shida ya lishe, hapo yeye hana dawa. Basi nikamweleza mama wa watu ukweli: akiendelea hivyo, nguruwe atazaa na maziwa hayatatoka.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amesimama langoni. Aliwakaribisha wote chai, wakanywa, kisha akawaambia kwamba majani hayachumwi tena. Mwenye umri mkubwa kuliko wote akauliza kwa utulivu kama kweli anawanyima watu ili ampe nguruwe.

"Nyinyi mutakula muchele," alisema. "Huyu iko na batoto mu tumbo."

Waliondoka na mifuko mitupu. Kwa miezi kadhaa alikaa peke yake kwenye benchi la kanisa, na mimi niliyemshauri nililala vibaya. Nguruwe alizaa salama, akanyonyesha vizuri, na watoto wake nao wakaja kuzaa. Mama Furaha akaacha ghala. Kwaya ilirudi Krismasi moja kutafuta nyama. Aliwakatia vipande vizuri, na habari ya majani haikutajwa.

Vijana wakiniuliza kuhusu kazi ile, nawaeleza protini na kunyausha majani, maana hayo yanafundishika. Kumnyima ndugu usoni mwake ni jambo jingine. Sijui kama mimi ningeweza.

Miaka yote ile sikumwomba hata jani moja, ingawa kunde ndiyo mboga niliyolelewa nayo. Wiki niliyostaafu alinijia nyumbani na mfuko wa majani machanga kabisa, umande bado upo.

"Ni ya nguruwe, Papa," alisema. "Leo bamekuachia."

Niliyapika mwenyewe jioni ile, nikala polepole, machozi yakinitoka.