Bi Semeni na Herufi za Kroshia

Mwaka wa hamsini na nne watu wa Mabawa, mtaa wa Tanga, walianza kuambiwa kuwa hawajui kitu. Waliambiwa kwa upole, kwa Kiswahili cha matangazo, nao wakakubali upesi, kama wakubalivyo watu wakisemeshwa na mwenye viatu. Miongoni mwa waliotangazwa kuwa hawajui alikuwamo Bi Semeni binti Hatibu, mzaliwa wa Tongoni, aliyekuwa amefundisha wasichana kroshia uani kwake miaka kumi na tisa.

Bi Semeni alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja. Barua za Kiswahili alizisoma na kuziandika kwa herufi za Kiarabu, na wake wengi wa mtaani ambao waume zao walikuwa Pemba au Mombasa waliandikiwa naye. Lakini serikali ilipopita ikihesabu wasomi, karani alimuuliza kama anazijua A na B. Akasema hapana. Basi akaandikwa hajui kusoma, na karani akaenda zake ameridhika na kazi yake.

Uani kwake msichana hakupewa uzi siku ya kwanza. Aliketishwa mkekani, akapewa kitambaa kilichokwisha, akaambiwa akifumue. Ndivyo Bi Semeni mwenyewe alivyofunzwa Tongoni na mama yake mdogo. Kitambaa cha kroshia hakifumuki ila kwa kuanzia pale fundi alipomalizia, kwa hiyo mwenye kufumua huifuata kazi kinyumenyume, tundu kwa tundu, mpaka kitanzi cha kwanza. Ukiweza kukirudisha kama kilivyokuwa, umekwisha kukijua. Na mishono ilikuwa na majina: mnyororo, kisiki, nguzo, na mlingoti, ambao ni nguzo iliyozungushiwa uzi mara mbili ikasimama ndefu.

Hayo yote yalikuwa mazuri mpaka klabu ya akina mama ilipofika.

Aliyeishika klabu alikuwa Praxeda, Mama Asheri, mke wa Ernesti, karani wa ofisi ya maendeleo. Walishuka kutoka milimani kwa ajili ya mkonge, mume akapata meza na kalamu, wakahamia mjini. Praxeda alikuwa na gazeti la mishono kutoka Ulaya, na juu ya redio yake alikuwa ametandika kitambaa alichosema amekifuma kwa kulisoma gazeti hilo. Ukingo wake ulipandashuka kama masikio ya mbuzi, ukatiwa kanji ukasimama, na wanawake waliokwenda kusikiliza redio walirudi wakiusifia. Siku hizo kitu kikitoka gazetini, hata kikipinda, husemwa ndivyo kilivyotakiwa.

Tangazo likatoka. Klabu itafungua darasa la kroshia, lenye viti, ubao na cheti mwisho wa mwaka. Mwalimu atakuwa yule atakayefuma kitambaa kama kile cha redio kwa kufuata karatasi iliyonakiliwa gazetini, nayo kila atakaye atapewa, mbele ya memsahibu, mama wa Kizungu mkaguzi wa klabu, siku ya Jumamosi. Wasichana wa Bi Semeni walikuwa kumi na mmoja, na wote walikwisha sema watakwenda kwenye cheti. Asipolipata darasa lile, ua wake umefungwa.

"Shoga, achana nao," alisema jirani yake Mwatumu, akichambua mchicha kizingitini. "Karatasi yenyewe umeiona? Vijidudu vitupu."

"Nimeiona. Vijidudu vina hesabu," alijibu Bi Semeni.

Na kweli, tarakimu alizijua, kama ajuavyo kila mtu aendaye sokoni. Karatasi iliandikwa mstari kwa mstari: tano na herufi mbili, moja na herufi mbili nyingine, tatu na herufi zile za kwanza. Herufi zile kila mmoja mjini alisema anazijua, na ukimuuliza maana yake alikohoa.

Bi Semeni akavaa buibui, akaenda kwa Praxeda.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuazima kile kitambaa cha kwenye redio."

"Cha nini tena? Mtihani ni wa karatasi, bibi."

"Nataka kukitazama."

Praxeda akacheka. "Kwa macho hutakiweza. Haya ni mambo ya herufi. Ch, dc, tr. Mimi nimekaa kwa masista miaka sita."

"Na masista ndio waliokufundisha maana yake?"

"Walinifundisha kusoma," alisema Praxeda, na ghafla akawa na haraka ya kukitafuta kitambaa kilichokuwa mbele ya macho yake. "Chukua, utazame mpaka yakutoke. Lakini kirudi kama kilivyo."

"Kitarudi kama kilivyo, fundo kwa fundo," alisema Bi Semeni, na ahadi hiyo aliimaanisha kuliko Praxeda alivyodhani.

Asubuhi alikiloweka kwenye bakuli mpaka kanji ikatoka. Kikanywea kama mtu aliyevuliwa cheo. Akakikausha, akaitafuta ncha ya uzi, akavuta. Mwatumu alipochungulia akashika kichwa.

"Semeni! Kitambaa cha watu!"

"Nyamaza, nisije nikakosea hesabu."

Alianza mstari wa mwisho wa karatasi na mzunguko wa mwisho wa kitambaa. Minyororo mitano ikafumuka. Karatasi ilisema tano na ch. Nguzo moja ikafumuka. Karatasi ikasema moja na tr. Minyororo mitatu, na karatasi tatu na ch. Akachukua kalamu ya risasi akaandika pembeni kwa herufi za Kiarabu: mnyororo, nguzo. Kufika adhuhuri alikuwa amekipata na kisiki, ambacho karatasi ilikiita dc. Alicheka peke yake. Hizi ndizo siri walizokuwa wakizibeba kwapani kama hirizi! Mzungu kachoka kuandika jina zima, akaandika vipande; na watu wazima wa Tanga wakavipigia magoti.

Mzunguko wa tano ndipo alipokwama. Karatasi ilikuwa na herufi tatu, dtr, lakini kitambaani palikuwa na nguzo zile zile. Akafumua tena polepole. Nguzo. Mzunguko wa nne, tr, nguzo. Na ule wa tano aliokwisha kuupita, dtr, nguzo pia.

"Mshono mmoja hauwi na majina mawili katika karatasi moja," alimwambia Mwatumu. "Hapa pana mwongo."

"Karatasi?"

"Karatasi haina redio ya kuringia."

Akachukua uzi wake mwenyewe, akafuma upya tangu kitanzi cha kwanza, na kwenye mzunguko wa tano, badala ya nguzo, akasimamisha milingoti. Mzunguko ukapata urefu wake, na alipoendelea mpaka mwisho ukingo ukalala bapa kama sinia. Basi akajua. Mama Asheri alifika kwenye herufi asiyoijua, akaona aibu kuuliza, akairuka. Nguzo zake zikawa fupi kwa mzunguko mpana vile, ukingo ukakosa mahali pa kukaa, ukapandashuka. Na mji mzima ukasifia.

Kisha Bi Semeni akakirudisha kitambaa cha Praxeda kwa uzi ule ule, fundo kwa fundo na kosa lake ndani, akakitia kanji, akampelekea.

Jumamosi waliofika mbele ya memsahibu ni wawili tu. Wengine waliitazama karatasi wakaugua. Bi Semeni alifuma mbele ya watu, karatasi gotini. Praxeda naye alifuma. Memsahibu akaviweka vitambaa viwili mezani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akasema maneno mengi ya Kiingereza.

"Memsahibu anasema vyote viwili vizuri," alitafsiri Ernesti.

"Hapana vyote," alisema memsahibu kwa Kiswahili chake cha jikoni, akagonga kitambaa cha Bi Semeni. "Hii mzuri. Ile hapana."

Wasichana waliokuwa dirishani wakapiga vigelegele. Ernesti, uso umemkauka, akatoa fomu ya mwalimu wa darasa. Bi Semeni akaandika jina lake na la baba yake, kutoka kulia kwenda kushoto, mwandiko safi.

"Siyo hivyo, bibi. Fomu hii haisomeki."

"Haisomeki, au wewe ndiye usiyejua kuisoma?"

"Ofisi haiyatambui maandishi haya." Akatoa fomu nyingine, akasogeza kibweta cha wino. "Asiyejua kuandika huweka dole gumba."

"Mimi nimeandika. Jina langu lile pale."

Memsahibu akatazama saa. Kanuni ni kanuni, akasema, ni dole tu. Dirishani wale wasichana kumi na mmoja wakasukumana waone. Dole lile lilikuwa ndilo darasa, nao walijua. Bi Semeni akakirudisha kibweta cha wino, akakunja kitambaa chake.

"Basi mpeni mwenye sahihi," akasema, akatoka.

"Dole gumba tu!" Mwatumu alimfuata njia nzima. "Lingekutoka damu?"

"Lingenitoka jina, shoga."

Jumatatu Praxeda akaanza kufundisha, na ua ukabaki na kuku. Hakuna msichana aliyekuja hata kuaga. Cheti kilikuwa na haraka.

Miezi miwili baadaye Praxeda alipiga hodi mlango wa nyuma, gauni limenyooshwa, karatasi mkononi. Memsahibu alikuwa anakuja kukagua.

"Bibi, niambie hii tu. Hizi herufi tatu."

"Karibu, mwanangu. Kaa mkekani. Siku ya kwanza ni kufumua."

"Sina nafasi. Baba Asheri ananingoja na baiskeli. Hiyo moja tu, bibi."

"Hiyo moja haiji peke yake. Kaa."

Praxeda akautazama mkeka, akalitazama gauni. Dole la Bi Semeni na gauni la Praxeda, Mungu ndiye ajuaye lipi lilikuwa na gharama zaidi. Lakini mmoja alikuwa anajua na mwingine hajui.

"Nitakuja siku nyingine," alisema.

Hakuja. Wenye vyeti waliotoka klabuni mwaka ule walikuwa ishirini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyejua mlingoti.