Uji wa Tende Usioonjwa

Nilipofika Mabela, Oman, kufanya kazi za nyumbani, mwajiri wangu aliniambia nisimwite madamu. Kwao Kerala, India, watu humwita mwanamke aliyekuzidi umri kidogo Chechi, yaani dada, na mimi nikamwita hivyo. Mimi si msemaji. Tulielewana kwa Kiarabu cha kuokotaokota na kwa nazi, maana kwenye nazi sikuhitaji kuelekezwa. Tui la kwanza, tui la pili, hata Tanga ni hivyo hivyo.

Mwaka jana mama mkwe wake alikuja kukaa nasi miezi mitatu, na Onam ikamkutia hapa. Onam ni sikukuu yao ya mavuno. Hupanga mboga za kila namna juu ya jani la mgomba, na mwisho hunywa payasam, uji mtamu wa mchele, tui na sukari guru.

Chechi alitaka kuupika kwa tende. Alisema sikukuu ni ya mavuno, na mavuno ya hapa ni tende. Jirani yetu wa Kiomani alikuwa ametuletea ndoo nzima kutoka shambani kwake. Mama mkwe akasema uji wa tende ataunywa, ila usiwekwe mbele ya taa ya ibada. Walibishana siku mbili, kwa adabu. Mwishowe mama mkwe akakubali mara moja tu: ukiharibika, wanarudi kwenye sukari guru na maneno yaishe.

Tatizo ni kwamba uji wa ibada hauonjwi. Mpishi hatii hata tone ulimini mpaka uwe umewekwa mbele ya taa. Kipimo cha sukari guru Chechi alikijua tangu utotoni. Cha tende hakukijua.

Asubuhi ile mimi nilikuna nazi na kukamua, yeye akapika. Alikaanga tende zilizopondwa kwa samli, akatia mchele na tui la pili. Mama mkwe alikaa mlangoni mwa jikoni akikata maharage mabichi. Chechi aliposhika bakuli la tui la kwanza ili amalizie, nikatazama sufuria. Povu lilikuwa jepesi, linapasuka harakaharaka kama maji ya chai. Utamu haukuwamo. Na tui la kwanza likishaingia, uji hauchemshwi tena, litakatika.

Nilitamani mtu mwingine aseme. Bakuli lilikuwa limeshainama.

"Chechi, ngoja. Tende bado."

Mama mkwe akasimama, akauliza kitu. Chechi akanigeukia, uso umembadilika.

"Anauliza umejuaje. Umeonja?"

Kama ningekuwa nimeonja, sufuria nzima isingefaa tena kwa ibada, na tende zisingeingia tena katika uji ule. Nikasema sikuonja. Nikaeleza huku natazama sakafu kwamba kwetu mwezi wa Ramadhani tunapika futari tukiwa tumefunga, na mama alinifundisha kuangalia povu. Uji wenye utamu wa kutosha hutoa povu zito, linavimba taratibu kabla ya kupasuka. Chechi akatafsiri, sijui kama yote.

Mama mkwe akaja, akachukua mwiko, akakoroga na kutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema neno moja, na Chechi akanitafsiria.

"Ongeza."

Nikaponda tende nyingine, tukaongeza, mama mkwe akisimamia. Povu lilipokuwa zito ndipo akampa Chechi bakuli la tui na kuzima moto kwa mkono wake. Bakuli dogo la ibada alilibeba mwenyewe mpaka kwenye taa.

Wakati wa kula alisema iliki imezidi, na korosho zimebabuka. Kuhusu tende hakusema kitu. Chechi akaniangalia juu ya kichwa cha mama mkwe, akauma mdomo asicheke.

Nikapewa glasi yangu. Ulikuwa mtamu kupita kiasi, kidogo tu. Nikanywa mpaka mwisho.